Jina limo, programu inasema halimo: kutatua matatizo ya herufi kubwa na ndogo katika utafutaji wa kanzidata

Malalamiko yanayorudi mara kwa mara kutoka maduka ya jumla ya Mwanakwerekwe, mapokezi ya hoteli za Paje na Nungwi na ofisi za wanunuzi wa mazao kule Wete na Chake Chake ni ya namna moja. Mteja amesimama mbele ya meza, jina lake limo katika programu tangu mwaka juzi, karani anaandika "makame" na programu inajibu kwamba hakuna kumbukumbu hiyo. Kwa kuwa watu wengine wanasubiri, karani humsajili upya. Tangu saa hiyo mteja huyo ana kumbukumbu mbili: deni limebaki katika ya kwanza, malipo yanaingia katika ya pili, na mwisho wa mwezi mtu aliyekwisha kulipa anadaiwa. Mara nyingi chanzo ni kwamba jina lilisajiliwa kama "MAKAME", kwa sababu fomu nyingi za ofisi zetu huagiza kuandika kwa herufi kubwa, na kanzidata imehesabu maneno hayo mawili kuwa ni tofauti.

Kwa kompyuta hayo ni mambo mawili kweli. Herufi "M" huhifadhiwa kwa namba 77 na "m" kwa namba 109, na ni kanuni ya ulinganishaji (collation) iliyowekwa katika kanzidata ndiyo inayoamua kama namba hizo mbili zichukuliwe kuwa herufi moja au mbili. Marekebisho sahihi, kwa hiyo, hufanywa kwenye ulinganishaji, na data huachwa kama ilivyo. Wapo wanaokimbilia kugeuza majina yote ya wateja kuwa herufi kubwa kwa amri moja. Njia hiyo huharibu maandishi yaliyoandikwa kwa uangalifu, hairudishiki bila nakala ya akiba, na tatizo hurejea siku karani mpya atakaposajili jina kwa herufi ndogo.

Ukaguzi wa kwanza, ambao karani yeyote anaweza kuufanya

Kabla ya kumwita fundi, thibitisha kwamba ukubwa wa herufi ndio wenye kosa. Chagua jina moja linaloonekana kwenye orodha ya wateja, kisha litafute kwa njia tatu. Kwanza, linakili kutoka kwenye orodha na ulibandike katika kisanduku cha kutafutia. Pili, liandike kwa mkono kama linavyoonekana, kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo. Tatu, liandike lote kwa herufi ndogo.

Likipatikana katika njia mbili za mwanzo na kukosekana katika ya tatu, tatizo ni ukubwa wa herufi, na dalili ya kwanza hapa chini inakuhusu. Likipatikana lilipobandikwa na kukosekana lilipoandikwa kwa mkono, ukubwa wa herufi hauhusiki, bali ndani ya jina mna alama ambayo macho hayaioni. Nenda moja kwa moja kwenye dalili ya tatu. Likikosekana hata lilipobandikwa, angalia vichujio vya skrini, kama vile tawi, mwaka wa hesabu au kisanduku cha "wateja hai pekee", na uangalie pia kama mtumiaji aliyeingia ana ruhusa ya kuona kumbukumbu za tawi lile. Karani wa Unguja asiyeruhusiwa kuona wateja wa Pemba hatawaona kwa herufi zozote atakazoandika.

Hatua zinazofuata baada ya hapo ni za mtu mwenye ruhusa ya kuingia katika kanzidata yenyewe. Mtu huyo afanye mambo mawili kabla ya kuandika amri yoyote inayobadilisha kitu: achukue nakala ya akiba ya kanzidata nzima na kuifungua katika kompyuta nyingine ili aone kwamba inafunguka, na ahakikishe kwamba seva imeunganishwa na betri ya dharura, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi, kanzidata italazimika kuirudisha nyuma kazi ile inapowashwa tena, na duka litasubiri. Kazi ifanywe baada ya duka kufungwa, na kwa wanunuzi wa karafuu isifanywe katikati ya msimu.

Dalili ya kwanza: jina hupatikana likiandikwa kama lilivyosajiliwa tu

Kisababishi kinachotokea zaidi ni tabia ya asili ya kanzidata yenyewe. PostgreSQL na Oracle, zikiachwa kama zilivyosakinishwa, hutofautisha herufi kubwa na ndogo. MySQL na SQL Server, kwa mipangilio yao ya kawaida, hazitofautishi; na Microsoft Access nayo haitofautishi. Ndiyo maana dalili hii hujitokeza sana siku chache baada ya biashara kuhama kutoka Access iliyokuwa katika kompyuta moja ya dukani kwenda PostgreSQL iliyo kwenye seva: data imehamia salama, lakini mazoea ya ulinganishaji hayakuhama nayo.

Dawa rahisi ni kuigeuza thamani kuwa herufi ndogo wakati wa kulinganisha, pande zote mbili:

SELECT namba, jina FROM wateja
WHERE lower(jina) = lower('MAKAME');

Nasisitiza pande zote mbili, kwa sababu kosa linaloonekana sana katika programu zilizokwisha "kurekebishwa" ni kugeuza upande mmoja tu. Programu hugeuza alichoandika karani kuwa "makame" na kukilinganisha na "MAKAME" iliyomo ndani, na matokeo yake ni mabaya kuliko mwanzo, kwa maana sasa hata anayeandika kwa herufi kubwa hapati kitu. Ukikuta programu ambayo huwapata tu wateja waliosajiliwa kwa herufi ndogo tupu, anza kwa kulitafuta kosa hili.

Ikiwa karani huandika sehemu ya jina, PostgreSQL ina amri ya ILIKE, ambayo ni LIKE (amri ya kutafuta kwa sehemu ya neno) isiyojali ukubwa wa herufi:

SELECT namba, jina FROM wateja WHERE jina ILIKE '%makame%';

Oracle inaweza kutumia upper au lower kwa namna ileile. Katika PostgreSQL ipo pia aina ya safuwima iitwayo citext, ambayo hupuuza ukubwa wa herufi yenyewe bila programu kubadilishwa. Inafaa pale ambapo programu imenunuliwa tayari na huwezi kuzigusa amri zake. Kwa programu unayoimiliki, lower inatosha na huonekana wazi kwa fundi atakayekuja baada yako.

Kisababishi cha pili ni kanuni ya ulinganishaji iliyowekwa kwenye safuwima husika. Katika MySQL, jina la kanuni huishia na _ci pale ambapo ukubwa wa herufi hupuuzwa, na huishia na _cs au _bin pale unapozingatiwa. Katika SQL Server herufi CI na CS zilizomo ndani ya jina la kanuni hueleza jambo hilohilo. Kuangalia ni kazi ya dakika moja. Kwa MySQL:

SHOW FULL COLUMNS FROM wateja;

Kwa SQL Server:

SELECT name, collation_name FROM sys.columns
WHERE object_id = OBJECT_ID('wateja');

Hapa pana mtego uliowakamata mafundi wengi. Mtu hubadilisha kanuni ya kanzidata nzima, huanzisha seva upya, hujaribu kutafuta, na hakuna kilichobadilika. Kanuni ya kanzidata huwahusu tu watakaozaliwa baadaye, yaani majedwali na safuwima zitakazoundwa baada ya mabadiliko. Safuwima zilizopo hubaki na kanuni zao za zamani mpaka zibadilishwe moja moja. Katika MySQL safuwima hubadilishwa hivi:

ALTER TABLE wateja MODIFY jina VARCHAR(120)
CHARACTER SET utf8mb4 COLLATE utf8mb4_0900_ai_ci NOT NULL;

Kanuni hiyo ipo kuanzia MySQL 8.0; katika matoleo ya nyuma tumia utf8mb4_unicode_ci. Katika SQL Server faharasa (orodha zilizopangwa zinazoharakisha utafutaji) na masharti yanayoitegemea safuwima hiyo lazima yaondolewe kwanza, kisha yarudishwe, na ni lazima kuandika tena NOT NULL kama ilikuwepo, la sivyo safuwima inaweza kuanza kukubali thamani tupu bila mtu kugundua.

Simama hapa na mwite mtaalamu wa kanzidata ikiwa safuwima unayotaka kuibadilisha ni ufunguo unaounganisha jedwali moja na jingine, au ikiwa programu ni ya kampuni nyingine na mkataba wa matengenezo bado unaendelea. Kubadilisha jedwali la programu ya watu bila kuwaarifu kunaweza kuizuia isipokee toleo jipya.

Kisababishi cha tatu ni nadra: safuwima imeundwa kuhifadhi baiti badala ya maandishi, kama BINARY, VARBINARY au BLOB katika MySQL. Hapo amri ya lower haifanyi kazi kabisa na wala haitoi onyo. Kugeuza aina hiyo kuwa maandishi kunahitaji kujua maandishi yaliingizwa kwa usimbaji (encoding) gani, na kubahatisha huzalisha majina yaliyojaa alama zisizosomeka. Kazi hiyo si ya kubahatisha.

Dalili ya pili: skrini ya mauzo humpata mteja, skrini ya ripoti haimpati

Skrini mbili za programu moja mara nyingi huandikwa na watu wawili kwa nyakati tofauti, na kila mmoja hulinganisha kwa namna yake. Mfano ulio wazi ni programu ndogo za dukani zinazotumia SQLite. Humo, alama ya kulingana (=) hutofautisha herufi kubwa na ndogo, ilhali LIKE haitofautishi kwa herufi za A hadi Z. Skrini iliyotumia LIKE itampata "makame" aliyesajiliwa kama "MAKAME", na iliyotumia alama ya kulingana haitampata. Ukiongeza COLLATE NOCASE, skrini zote mbili zitakubaliana:

SELECT namba, jina FROM wateja WHERE jina = 'makame' COLLATE NOCASE;

Kisababishi kinachofuata ni kwamba skrini moja haiulizi kanzidata kabisa. Orodha ya kuchagulia bidhaa, kwa mfano, hupakiwa yote kwenye kivinjari na kuchujwa hukohuko; marekebisho utakayofanya kwenye kanzidata hayataigusa. Utaitambua kwa kukata mtandao baada ya skrini kufunguka: ikiwa uchujaji unaendelea kufanya kazi, ulinganishaji unafanyika katika kompyuta ya karani, na mabadiliko ni ya msimbo wa skrini ile. Nadra zaidi ni hali ambapo programu inafuata mpangilio wa lugha wa kompyuta inayoiendesha. Kompyuta iliyowekwa kwa Kituruki hugeuza "I" kubwa kuwa "ı" isiyo na nukta, na jina "IDDI" linaacha kulingana na "iddi". Angalia mpangilio wa lugha wa kompyuta yenye tatizo kabla ya kuulaumu mtandao.

Dalili ya tatu: baadhi ya majina hupatikana, mengine hayapatikani kwa herufi zozote

Dalili hii ndiyo inayopoteza muda mwingi zaidi, kwa sababu fundi amekwisha kuweka lower pande zote mbili, jaribio lake limefaulu kwa majina kadhaa, naye ameondoka akiamini kazi imekwisha. Kumbe ukubwa wa herufi ulikuwa tatizo moja tu kati ya kadhaa.

Anza na nafasi tupu. Majina yaliyoingizwa kutoka Excel mara nyingi huwa na nafasi mwanzoni, mwishoni, au nafasi mbili kati ya jina la mtu na la baba yake. Linganisha urefu wa jina unaouhesabu kwa macho na ule unaohesabiwa na kanzidata:

SELECT jina, char_length(jina) FROM wateja
WHERE lower(jina) LIKE '%makame%';

Amri hiyo ni ya MySQL na PostgreSQL. Katika SQL Server usitegemee LEN, kwa sababu haihesabu nafasi za mwishoni. Tumia DATALENGTH, ukikumbuka kwamba hiyo huhesabu baiti, na safuwima ya nvarchar hutumia baiti mbili kwa herufi ya kawaida. Nafasi za kawaida zilizo mwanzoni na mwishoni huondolewa kwa trim. Ikiwa trim imepita na urefu haujapungua, mara nyingi nafasi hiyo ni ile isiyokatika, yenye namba 160, ambayo hutoka kwenye kurasa za wavuti na nyaraka zilizonakiliwa. Hiyo lazima ibadilishwe kwa jina, kwa amri ya replace. Wanaohama kutoka MySQL 5.7 kwenda 8.0 wajue kwamba kanuni za kundi la 0900 huhesabu nafasi za mwishoni, wakati kanuni za zamani zilizipuuza katika ulinganishaji; mteja aliyepatikana kwa miaka mingi akiwa na nafasi mwishoni mwa jina anaweza kupotea siku ya kuhamia kanuni mpya.

Baada ya nafasi, angalia kile kialama cha juu kinachoandikwa katika "ng'". Kwetu jambo hili ni zito. Mtaa wa Ng'ambo hapa mjini, Ng'ambwa kule Chake Chake, na majina ya bidhaa kama ngozi ya ng'ombe, yote yana alama hiyo, na ipo kwa sura zaidi ya moja. Kibodi huandika ile iliyonyooka, yenye namba 39. Programu za kuandikia nyaraka huigeuza zenyewe kuwa ile iliyopinda, yenye namba 8217. Na baadhi ya simu nazo hufanya hivyo. Kwenye skrini hazitofautiani sana, lakini kwa kanzidata ni alama mbili, na hakuna lower wala ILIKE itakayozipatanisha. Tiba ni kuigeuza alama iliyopinda kuwa iliyonyooka mahali pawili: katika data iliyopo, mara moja, na katika kila kisanduku cha kuingizia na kutafutia, daima. Katika PostgreSQL usafishaji wa mara moja huandikwa hivi:

UPDATE wateja SET anwani = replace(anwani, chr(8217), chr(39))
WHERE anwani LIKE '%' || chr(8217) || '%';

Endesha kwanza SELECT yenye sharti hilohilo la WHERE ili uone ni kumbukumbu zipi zitakazoguswa.

Kwa hoteli, kisababishi kingine ni majina ya wageni yenye alama juu ya herufi, kama José au Müller. NOCASE na LIKE za SQLite hushughulikia herufi 26 za A hadi Z pekee, kwa hiyo "JOSÉ" na "josé" hubaki tofauti. PostgreSQL iliyoundwa kwa mpangilio wa lugha uitwao C nayo haiigeuzi "É" kwa lower. Ikiwa mapokezi yanataka "jose" impate José, MySQL hufanya hivyo kwa kanuni zenye _ai katika majina yao, na PostgreSQL ina nyongeza ya unaccent.

La mwisho ni tahajia, nalo halitatuliki kwa kanuni ya herufi. Mohamed, Mohammed, Muhammed na ufupisho Mohd. Abdalla, Abdallah na Abdulla. Fatma na Fatuma. Suleiman na Seleman: mtu mmoja anaweza kuwa na tahajia moja katika kitambulisho na nyingine katika hati ya benki. Kanuni ya Soundex, iliyomo katika kanzidata nyingi, iliundwa kwa majina ya ukoo ya Kiingereza, na sishauri kuitegemea kwa majina yetu. PostgreSQL ina nyongeza ya pg_trgm, inayopima ukaribu wa maneno kwa vipande vya herufi tatu tatu bila kujali ukubwa wa herufi:

SELECT namba, jina FROM wateja
ORDER BY word_similarity('muhammed', jina) DESC LIMIT 10;

Karani huona majina kumi yaliyo karibu na kuchagua mwenyewe. Mashine isiachiwe kuamua. Hata hivyo, kwa biashara inayokopesha, ninaona utafutaji wa kwanza uwe wa namba ya simu na jina lifuate, mradi namba zote zihifadhiwe kwa namna moja, kwa kuwa namba inayoanza na sifuri na ileile inayoanza na 255 nazo hazilingani.

Dalili ya nne: ukiandika Ng'ambo, programu inatoa ujumbe wa kosa la amri

Dalili hii ni ya hatari kuliko zote, ingawa watumiaji wengi huichukulia kuwa usumbufu mdogo na kuzoea kuandika "Ngambo". Katika SQL, yaani lugha ya kuandikia amri za kanzidata, kialama kilichonyooka ndicho kinachofungua na kufunga maandishi. Ikiwa kukiandika katika kisanduku kunaleta kosa la sintaksia, maana yake ni kwamba programu inachukua alichoandika mtumiaji na kukiunganisha moja kwa moja na amri ya kanzidata. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika katika kisanduku hichohicho maneno yatakayosoma au kufuta kumbukumbu za wateja wote.

Usijaribu kurekebisha kwa kuufuta ujumbe wa kosa au kwa kukizuia kialama kisiandikwe. Simama, na mwite mtengenezaji wa programu aandike upya utafutaji wote kwa vigezo, yaani amri ipelekwe peke yake na alichoandika mtumiaji kipelekwe kando kama thamani. Ikiwa programu inafunguliwa kupitia intaneti, izuie isifikiwe kutoka nje mpaka kazi hiyo ikamilike. Kialama kinachotakiwa kuandikwa kwa mkono ndani ya amri, wakati wa majaribio, huandikwa mara mbili: 'Ng''ambo'.

Dalili ya tano: baada ya marekebisho, utafutaji umekuwa mzito

Faharasa ya kawaida imepanga majina kama yalivyoandikwa. Ukiuliza lower(jina), unauliza kitu ambacho faharasa hiyo haina, na kanzidata hulazimika kusoma jedwali zima. Kwa wateja mia chache hutaona tofauti. Kwa jedwali la mauzo la miaka kadhaa utaiona. Tengeneza faharasa ya kile unachokiuliza:

CREATE INDEX wateja_jina_dogo ON wateja (lower(jina));

Hiyo ni ya PostgreSQL. MySQL inakubali faharasa ya namna hiyo kuanzia toleo la 8.0.13, kwa mabano mawili: ((lower(jina))). Lakini katika MySQL uliza kwanza kama unaihitaji lower hiyo, kwani safuwima yenye kanuni ya _ci tayari inapuuza ukubwa wa herufi, na kuongeza lower hapo kunaizuia faharasa nzuri iliyokuwepo. Kuiondoa ndiyo tiba.

Faharasa hiyo haisaidii ILIKE, wala utafutaji wowote unaoanza na alama ya asilimia, kama '%makame%'. Kwa huo, PostgreSQL hutumia tena pg_trgm:

CREATE EXTENSION IF NOT EXISTS pg_trgm;
CREATE INDEX wateja_jina_vipande ON wateja USING gin (jina gin_trgm_ops);

Waelekeze makarani waandike angalau herufi tatu, kwa sababu chini ya hapo faharasa hii haina kipande cha kushika. Kutengeneza faharasa huzuia uandishi katika jedwali mpaka kazi iishe. Ikiwa duka halifungwi, kama mapokezi ya hoteli yasivyofungwa, tumia CREATE INDEX CONCURRENTLY.

Dalili ya sita: mteja mmoja ana kumbukumbu mbili, au kanzidata inakataa sharti la upekee

Hii ni athari ya dalili ya kwanza iliyokaa muda mrefu. Waorodheshe kwanza:

SELECT lower(trim(jina)), count(*) FROM wateja
GROUP BY lower(trim(jina)) HAVING count(*) > 1;

Usidhani kwamba kila jina lililomo katika orodha hiyo ni marudio. Visiwani kwetu watu wawili wasiojuana kuwa na majina matatu yanayofanana ni jambo la kawaida, kwa hiyo kila jozi ihakikiwe kwa simu, shehia au namba ya kitambulisho kabla ya kuunganishwa. Kwa sababu hiyohiyo, usiweke sharti la upekee, yaani lile linalozuia thamani moja kusajiliwa mara mbili, kwenye jina la mtu. Liweke kwenye barua pepe au msimbo wa bidhaa, na uliweke juu ya lower ili "KRF01" na "krf01" zisisajiliwe zote mbili:

CREATE UNIQUE INDEX bidhaa_msimbo ON bidhaa (lower(msimbo));

Amri hii itakataliwa ikiwa marudio yapo, nayo inafanya vyema kukataa. Kuunganisha kumbukumbu mbili ni kuhamisha ankara, malipo na madeni yote kutoka namba moja ya mteja kwenda nyingine, ndani ya BEGIN na COMMIT (amri zinazofanya kazi yote ikamilike pamoja au isifanyike kabisa), na kulinganisha jumla ya madeni kabla na baada. Ikiwa kumbukumbu hizo zimefungamana na stakabadhi za kielektroniki zilizokwisha kutumwa kwa mamlaka ya mapato, au na hesabu za mwaka uliokwisha kukaguliwa, usiziunganishe. Mwite mhasibu pamoja na mtaalamu wa kanzidata, wakae pamoja.

Dalili ya saba: ujumbe wa mgongano wa kanuni za ulinganishaji

Ujumbe huu, wenye namba 1267 katika MySQL na 468 katika SQL Server, hutokea pale safuwima mbili zinazolinganishwa zina kanuni tofauti, kwa kawaida kwa sababu fundi alibadilisha moja na kuiacha nyenzake. Zioanishe zote mbili. Katika SQL Server, majedwali ya muda hufuata kanuni ya seva, si ya kanzidata yako. Humo andika COLLATE DATABASE_DEFAULT wakati wa kuyaunda.

Dalili ya nane: sasa utafutaji unaleta vingi kuliko unavyotakiwa

Kwanza angalia kistari cha chini. Ndani ya LIKE na ILIKE, alama hiyo husimama badala ya herufi yoyote moja, kwa hiyo fundi aliyehama kutoka alama ya kulingana kwenda ILIKE atakuta msimbo "KRF_01" wa karafuu ukileta pia "KRFA01" na "KRF-01" ya makonyo. Kitangulie kistari hicho kwa alama ya kukikinga:

SELECT * FROM bidhaa WHERE msimbo ILIKE 'KRF!_01' ESCAPE '!';

Kisha angalia kama upuuzaji umeenea mahali usipotakiwa. Nywila hazipaswi kuguswa hata kidogo, na ikiwa programu inakubali nywila kwa herufi zozote, kubwa au ndogo, huenda inazihifadhi zikiwa wazi au inazigeuza kabla ya kuzifumba. Yote mawili ni sababu ya kumwita mtengenezaji siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa misimbo ya uthibitisho wa malipo na stakabadhi inayotolewa na mifumo ya nje: ihifadhi na uilinganishe kama ilivyopokelewa, na uweke upuuzaji wa herufi katika safuwima zile tu ambazo binadamu huandika kwa mkono.